Mstari Wenye Tumbo

Naapa kwa ndevu zangu hizi, ambazo hazijaonja wembe tangu nistaafu, kwamba haya yote ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kunata kidoleni. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama chawa wa kuku, na anikalishe kwenye kiti cha kinyozi anifyeke kidevu watu wakitazama. Nimesema, na wenye masikio wamesikia.

Basi, mtaani kwetu yupo mzee tunayemwita Mzee Chokaa. Kazi yake, mpaka alipoiacha, ilikuwa kuchora mistari ya uwanja wa mpira. Alipigilia vigingi viwili, akavuta kamba katikati, kisha akaifuata kamba ile na debe lililotobolewa chini, limejaa chokaa ya unga, akilitikisa taratibu kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Mistari yake ilinyooka, sikatai. Isipokuwa mmoja.

Kwenye mstari wa boksi, upande wa geti, kulikuwa na jiwe. Lilichomoza ardhini kama mgongo wa kobe. Walilichimba kwa sururu, walilipiga kwa nyundo, wapi! Kadiri walivyolichimba ndivyo lilivyonenepa, na wapo wanaosema jiwe hilo ndilo linaloushikilia mji huu usihame. Kwa hiyo Mzee Chokaa alilizunguka. Mstari wake ulikwenda vizuri, ukafika kwenye jiwe ukatoa tumbo, kisha ukaendelea na safari zake. Timu ngeni zikija zilimcheka.

"Mzee, mbona huu mstari una mimba?"

"Unayo," alijibu bila kuinua kichwa, "na muulizeni refa wenu, ndiye aliyekuja hapa mwaka jana."

Ncha ya pili ya kamba ilishikwa na binti yake wa pekee, mwembamba mpaka tukamwita Uzi. Wenzake wakiruka kamba, yeye aliishika. Akakua pembeni mwa uwanja ule, akiwapigia watoto wenzake kibendera kwa kitambaa cha jikoni cha mama yake, na ole wake aliyebisha. Akasomea uamuzi, akafaulu majaribio ya mbio za waamuzi, akapandishwa kutoka ligi za vumbi hadi ligi za nyasi, na siku moja tukasikia ameitwa kwenye kombe kubwa, lile ambalo dunia nzima huacha kazi ikalitazama.

Timu yetu ya taifa haikufuzu. Ilitolewa mapema, wachezaji wakarudi jezi zao hazijakauka. Basi wenzetu wakapeleka washambuliaji, sisi tukapeleka kibendera. Mtaa ukakata shauri kwamba Uzi ndiye timu yetu, na kambi ya mashabiki ikawa kwa kinyozi, mwenye televisheni pana kuliko mlango wake. Waliokosa nafasi mbele ya televisheni waligeuka wakatazama kwenye kioo, na kwao kila timu ilishambulia upande usio wake.

Uzi alikuwa ametueleza mambo yalivyo. Waamuzi wote wanaanza pamoja hatua ya makundi. Hatua hiyo ikiisha, wasimamizi wanakaa chini, wanatazama nani alikosea na nani hakukosea, kisha wengi wao wanaambiwa asante, begi mlangoni. Wachache ndio wanaobaki kwa mechi kubwa. "Baba," alisema kabla ya kusafiri, "naomba nibaki. Nikibaki, hakuna atakayeniuliza tena nimetokea uwanja gani." Neno lile Mzee Chokaa alilibeba nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Mechi ya kwanza alikuwa akiba. Alikaa pembeni na suti ya michezo, na kamera ilimpitia mara moja tu, tena nusu.

"Yule! Yule!" alipiga kelele Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. "Kiwiko kile! Kiwiko cha mtaa wetu!"

Tulikishangilia kiwiko mpaka jirani akaja kuuliza nani kafunga. Mzee Chokaa alifuta machozi kwa taulo la kinyozi, akabaki na nywele za watu usoni.

Mechi ya pili alipewa mstari. Tuliona miundi yake ikipita chini ya televisheni, kwenda na kurudi.

"Mwendo wa mama yake huo," alisema Mzee Chokaa, kifua mbele. "Akisikia bomba limefunguliwa."

"Nimekusikia!" alijibu Mama Uzi kutoka nje. Alikataa kuingia. Alikaa kwenye benchi la kinyozi, mgongo mlangoni, ungo wa mchele mapajani, akichambua mchele ambao nadhani ulikuwa umeshachambuliwa asubuhi. Kila baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Tayari?" Nasi tukamjibu, "Bado, mama."

Siku hiyo Uzi aliinua kibendera mara kadhaa, na kila mara alikuwa sahihi. Cheche akawa anahesabu vibendera kama mabao. Mechi yenyewe ilikwisha bila kufungana, lakini mtaani kwetu watu walilala wakijua tumeshinda.

Sasa, furaha ikizidi ulimi huteleza. Wakati watu wanatawanyika, televisheni ikawa inaonyesha uwanja ule kutoka juu, nyasi zimekatwa michirizi, mistari imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Cheche akasema, "Mzee Chokaa, kule hakuna mstari wenye tumbo. Binti yako aliyezoea yenye mimba, si atatuona wote tumeotea?"

Tulicheka. Mzee Chokaa naye alicheka, ila aliacha mapema kuliko wengine. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kinyozi anasema alimwona amebaki peke yake mbele ya televisheni iliyozimwa, anajitazama kwenye kioo cheusi kile.

"Fundi," alimwambia kinyozi, "mtoto aliyejifunzia kutembea kwenye sakafu ya mteremko, ukimweka pa sawasawa si ataanguka?"

"Ataanguka mara moja, mzee, halafu atazoea."

"Mara moja ndiyo ninayoiogopa."

Tangu hapo hakuwa na raha. Aliona kila kitu kilichopinda nyumbani kwake: rafu imelala, fremu ya picha imeinama, meza inatikisika. Alirekebisha vyote, na kila alichorekebisha kilimwonyesha kingine. Alipokuwa anainyoosha picha ya Uzi ukutani kwa mara ya sijui ngapi, mkewe akamwambia, "Baba Uzi, mwache mtoto, unamtia kizunguzungu."

Uzi alipopiga simu kabla ya mechi ya tatu, mzee alikuwa amejipanga. Alitaka kumwambia: mwanangu, sahau mstari wangu, ulikuwa umepinda, nisamehe, tazama vizuri. Akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Baba, shikamoo. Una neno la kuniambia?"

"Marahaba, mama. Unakula?"

"Nakula, baba."

"Na maji unakunywa?"

"Nakunywa."

"Haya. Kunywa maji."

Akarudisha simu. Mama Uzi akamtazama, akatikisa kichwa. Mtu unaweza kuwa na neno kubwa kama mlango, ukatoa la ukubwa wa tundu la ufunguo.

Mechi ya tatu ilikuwa ya kufa na kupona. Wa njano dhidi ya weupe. Wa njano wakishinda, wanavuka makundi. Sare ingewarudisha kwao. Na Uzi alikuwa upande ule ambao wa njano wangeshambulia kipindi cha pili. Kwa kinyozi hapakuwa na pa kutia mguu. Hakuna aliyenyolewa siku hiyo, isipokuwa bwana mmoja aliyekuwa kwenye kiti tangu asubuhi, na yeye alibaki kichwa nusu mpaka kesho yake.

Kipindi cha pili wa njano walishambulia kama nyuki. Mzee Chokaa hakuutazama mpira. Alitazama ukingo wa televisheni, pale ambapo kibendera kingechomoza. Viatu vya Uzi vikipita, viatu vyake yeye vikapiga sakafu. Uzi akisimama, naye akasimama, anawaziba wa nyuma.

"Kaa, mzee!"

"Nimekaa," alisema akiwa amesimama.

"Tayari?" aliuliza Mama Uzi nje.

"Bado, mama."

Mechi ikiwa ukingoni, kiungo wa njano akapenyeza mpira. Mshambuliaji akachomoka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akampita kipa, akaweka wavuni. Bao! Mtaa wa pili, ambako waliwapenda wa njano, ulilipuka kwa kelele. Wachezaji wakarundikana, kocha akapiga magoti.

Na pale ukingoni mwa televisheni, taratibu, kibendera kikapanda.

Kwa mara ya kwanza katika kombe lile kamera ilimwonyesha Uzi mzima, kuanzia viatu hadi nywele. Amesimama wima, mkono juu, uso umekauka. Ameotea. Bao si bao. Kwa kinyozi hakuna aliyekihesabu kibendera hicho. Tulikuwa tumemwomba Mungu tumwone, na sasa tumemwona, kila mmoja alitamani kamera igeuke.

"Ameona," alisema kinyozi polepole. "Huyo ana jicho. Ameona."

Refa akaweka kidole sikioni. Waamuzi wa video walikuwa wanatazama upya. Ikaja picha iliyogandishwa: mshambuliaji wa njano, beki mweupe, na mstari wa boksi chini ya miguu yao. Kisha ikatokea alama ndogo, ikawa inasogezwa kwenye bega, inashushwa kwenye goti, inarudishwa, inatafuta kisigino. Walikuwa wanachora mstari.

Hapo Mzee Chokaa akapenya kati ya watu, akasogea mbele. Maisha yake yote yeye ndiye aliyechora mistari. Watu walimngoja yeye. Mechi haikuanza mpaka debe lake limalize. Leo mtu asiyemjua, ndani ya chumba asichokijua, alikuwa anauchora ule mstari mmoja uliomhusu kuliko yote, na yeye hakuwa na kigingi wala kamba wala ncha ya kushika. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye televisheni, vidole vimekunjwa kana kwamba vimebeba mpini wa debe.

"Polepole," alimwambia yule mtu. "Usiharakishe. Anzia kwenye kisigino."

Mstari wa kwanza ukatokea, wa bluu. Wa pili ukaanza kuja.

Phuu!

Televisheni ikazima. Feni ikazunguka mara mbili za mwisho, ikasimama. Ng'ambo ya barabara, kwenye banda lake, Cheche alikuwa ameshika kifimbo cha kuchomelea, kinyago kichwani.

"Cheche!"

"Jamani..."

"Cheche, umewasha mashine?"

"Nilishindwa kutazama!" Alikuwa karibu kulia. "Moyo ulikuwa unatoka. Nikasema nichomelee bawaba moja tu ya geti, mkono ukiwa na kazi..."

Hakumaliza. Alikuwa ameunguza si nyaya zake tu, bali za mtaa mzima, mpaka kule kwenye nguzo tulisikia kitu kikikohoa. Simu nazo zikawa zinazungusha kile kiduara chao, maana mji wote ulikuwa unauliza swali lilelile. Kisha kutoka mtaa wa pili zikaja kelele. Kelele kubwa. Tukatega masikio. Lakini kelele hazina sura. Ni za watu waliopewa bao lao, au za watu walionyang'anywa na wanataka kuvunja viti? Kinyozi alisema ni furaha. Bwana wa kichwa nusu alisema ni hasira. Kila mmoja alisikia alichokiogopa au alichokitamani.

"Tayari?" aliuliza Mama Uzi, na sasa aligeuka.

Mzee Chokaa alimpita mlangoni, akashuka barabara. Tungeweza kutuma mtu mtaa wa pili akaulize. Nasema kweli, hakuna aliyetaka kuwa huyo mtu.

Mama Uzi alimfuata na ungo wake. Alimkuta uwanjani, jua linazama, ameshafungua stoo kwa ule ufunguo ambao hajawahi kuurudisha, ametoa vigingi, kamba na debe. Aliyempokea kazi alikuwa anapita palepale alipopita mwalimu wake, kwa hiyo mstari ulikuwa bado upo, tumbo na yote.

"Unafanya nini, baba Uzi?"

"Nanyoosha."

"Saa hizi?"

"Ningekuwa nimenyoosha zamani."

"Na hao wa kule, wanausubiri mstari wako?"

Alipiga kigingi cha kwanza, akaenda kupiga cha pili, kamba ikalegea, cha kwanza kikachomoka. Akarudi. Cha pili kikachomoka. Kazi ya watu wawili haimtaki mmoja. Mama Uzi alimtazama akienda na kurudi, na kurudi na kwenda, mpaka mwenyewe akachoka. Akauweka ungo kwenye nyasi, akainama, akashika ncha ya kamba mahali alipokuwa akishika mwanawe.

"Haya, vuta. Ila usinivunje mgongo."

Mzee akavuta. Wakaanza, debe likitikisika, vumbi jeupe likishuka. Walikuwa hawajafika kwenye jiwe simu ya Mama Uzi ilipolia kifuani mwake. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, lakini sauti yake ilisikika hadi kwenye goli la ng'ambo, ambako baadhi yetu tulikuwa tumejificha.

Mama alisikiliza. Akasema, "Pole, mwanangu." Tukajua.

Yule mshambuliaji hakuwa ameotea. Kwa unene wa soli ya kiatu, hakuwa ameotea. Wale wa video walilirudisha bao, wa njano wakavuka, haki ikatendeka, na kwa Uzi kazi ikaisha hapohapo. Ingetolewa sababu ya heshima, lakini begi lilikuwa mlangoni. Mzee Chokaa alichukua simu, wakazungumza baba na mwana. Mimi sikutega sikio, si tabia yangu. Nilimwona tu akitikisa kichwa kama anayeonekana huko simu ilikotoka.

Alipomaliza, alishika debe lake. Na hapo, mabibi na mabwana, yakatendeka makubwa. Mzee akaivuta kamba ikalia kama gitaa. Akapita nayo juu ya jiwe, moja kwa moja, hakulizunguka tena, na jiwe lenyewe kwa aibu likadidimia ardhini kiasi cha kiganja. Mstari ukanyooka pu! kutoka mwanzo hadi mwisho, mnyoofu kuliko ule wa kombe kubwa, na mpaka leo ukienda uwanjani...

"Babu Ndevu, hapo umetufunga kamba."

Nilikuwa naisoma hadithi hii kwa sauti, palepale kwa kinyozi, jana. Sauti ilitoka nyuma ya gazeti, kwenye viti vya wanaosubiri zamu. Gazeti likashuka. Nyuma yake alikuwa Uzi mwenyewe, mwembamba vilevile, amemsindikiza baba yake kunyolewa.

"Umerudi lini, mama?" nilimuuliza, kwa upole wa mtu anayetafuta mlango.

"Juzi. Na leo asubuhi nimepita uwanjani. Mstari umenyooka mpaka kwenye jiwe. Kwenye jiwe una tumbo."

"Labda mvua..."

"Hakuna mvua inayochora tumbo, babu. Baba hakulinyoosha. Mimi nilimkataza."

Kinyozi akazima redio. Mzee Chokaa alikuwa anatazama sakafu, anakanyaga nywele za watu.

"Aliniuliza kama ni mstari wake uliolipinda jicho langu," alisema Uzi. "Mwenzako analia kwenye simu, analia mzee mzima. Nikamwambia, baba, hapa kwetu sikuwahi kuuamini mstari hata siku moja. Nilijua una tumbo. Nilitazama miguu ya watu. Kule mistari ilikuwa mizuri mno. Beki alikuwa kwenye mstari wa boksi, mimi nikautazama mstari, nikasema beki anaishia hapo. Kumbe kisigino chake kilikuwa kimevuka kuelekea golini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuamini mstari, na ndio ulionirudisha nyumbani." Akakunja gazeti. "Nikamwambia aliache lile tumbo. Watoto wa hapa watalihitaji."

Mzee Chokaa alitoa leso, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kuitumia. Tungefanya nini? Bao lilikuwa bao, refa alikuwa sahihi, mashine ilikuwa sahihi, na mtoto wetu alikuwa nyumbani. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililouma.

Nikadhani kwa majonzi hayo wamenisahau. Nikaanza kukunja karatasi zangu kimyakimya.

"Babu Ndevu," alisema kinyozi, anakipangusa kiti. "Karibu."

"Ndugu yangu, uongo wenyewe ni wa tumbo moja tu..."

"Hata uwe mdogo kama chawa wa kuku. Umesema mwenyewe."

"Na lile jiwe kudidimia?" aliongeza Uzi. "Hayo ni mawili."

Kiti kikanimeza. Taulo shingoni. Mashine ya kunyolea ikalia sikioni mwangu, na ndevu zangu za shavu la kulia, nilizozilea kama kuku wa mayai, zikaanza kuniangukia mapajani. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona Mzee Chokaa anatabasamu. Alisogea karibu, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja kama anayepima kamba.

"Kata moja kwa moja, fundi," alisema. "Usizunguke kitu."

Shavu la kulia likawa jeupe. Fundi akazunguka kwenda la kushoto.

Phuu!

Mashine ikanyamaza shavuni mwangu. Ng'ambo ya barabara Cheche akainua kinyago taratibu.

"Jamani..."

Nikabaki kwenye kiti, nusu kijana nusu babu, taulo shingoni, nisiweze kuondoka wala kumaliza. Nje, kwenye benchi, Mama Uzi alitikisa ungo wake.

"Tayari?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado, mama," alijibu Uzi.